Kuku wa Pole Hajachinjwa

Katandala, Sumbawanga
14 Julai 2024

Kaka Nestory,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba safari hii kondakta hataisahau kwenye lile duka la Mwimbi ikalala na sabuni. Ungekuwa unapanda mara moja moja kwenye kile kilima chenye mtandao ningekupigia simu, lakini najua wakati wa mavuno huondoki kambini hata kwa winchi.

Sisi tunaendelea. Baridi ya Julai ni ile ile, upepo unaingia chini ya mlango kama mwenye nyumba. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo cherehani yangu haipoi. Sweta za shule ndizo zinazonilisha sasa hivi.

Mtaani kuna jambo nataka nikuulize. Theodory, huyo mnunuzi wa mahindi unayemkusanyia magunia kila msimu, nyumba yake mpya iko njia ya kwenda shuleni, ile yenye geti la bluu. Amefuga mbwa wa kizungu, jina lake Kamanda, kichwa kama cha ndama. Jumanne asubuhi geti lilikuwa wazi kama kawaida, mbwa akatoka, akamkamata mtoto wa shule mkono, juu ya kiwiko, akamburuta mpaka mtaroni. Mama muuza chai alimmwagia birika zima ndipo akaachia. Tulimwosha mtoto kidonda kwa sabuni na maji mengi, tukamkimbiza hospitali. Ameanza sindano za kichaa cha mbwa, maana imegundulika Kamanda hajawahi kuchanjwa.

Mke wa Theodory, Atupele, yule dada wa Mbeya, amewapelekea watu wa mtoto kuku wa pole. Alikuja na machozi ya kweli. Kuku akapokelewa, kwani nani atamrudisha mgeni na mkono wake. Theodory mwenyewe hajaonekana. Wewe unayefanya naye kazi niambie: ni mtu wa namna gani? Akitoa neno, analishika?

Mwanao Evodia anakusalimu. Angekuandikia mwenyewe kama kawaida yake, ila ameanguka akaumia mkono kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Coleta


Kambini, Mwimbi
20 Julai 2024

Mdogo wangu Coleta,

Marahaba. Barua imefika, na inanukia sabuni kweli. Mahindi mwaka huu yamekubali. Tunapura mpaka mikono inakuwa ya mtu mwingine.

Umeniuliza Theodory ni mtu gani. Ni mtu wa watu. Anapenda kuonekana, hilo silikatai, akinunua kofia mpya lazima apite nayo sokoni, lakini roho yake haina neno. Nikupe mfano. Msimu uliopita alikuja huku na pikapu, huyo huyo Kamanda akiwa juu ya magunia. Mzee Maganga, yule Msukuma jirani yangu mwenye ng'ombe ng'ambo ya kijito, alikuja kumwamkia tu, mbwa akaruka akamng'ata paja mpaka nyama ikaonekana. Nani aliyewaweka chini? Mimi. Theodory akatoa mbuzi, akasema mbele ya watu wote kwamba mbwa atafungwa mnyororo, hatavuka tena geti lake. Tukachinja, tukala pamoja, na mfupa tukamtupia Kamanda mwenyewe. Watu walicheka sana. Hakuna aliyesikia habari za polisi wala mahakama.

Kwa hiyo waambie hao watu wa mtoto wamchinje huyo kuku, wamwite Theodory, wale naye, yaishe. Unajua tulivyolelewa: kuku wa pole akishaliwa na pande zote mbili, anayefufua maneno ndiye mgomvi. Nyie watu wa Katandala mnapenda kesi kama wengine wanavyopenda ngoma. Tena watoto wa mjini nao ni watundu, utakuta alimrushia mbwa jiwe. Na mzazi wake alikuwa wapi?

Mwambie Evodia aache kupanda miti. Mkono ukipona aniandikie, barua zako hazina michoro.

Kaka yako,
Nestory


Katandala
24 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Umeuliza mzazi wake alikuwa wapi. Mzazi wake alikuwa kambini Mwimbi, akipura mahindi ya kumuuzia Theodory.

Mtoto ni Evodia. Hakuanguka popote. Nilikuficha kwa sababu nakujua, ungeacha magunia wazi ukaja na panga, na leo ningekuwa nakupelekea chakula mahabusu. Niliona bora apate sindano kwanza na kidonda kifunge, ndipo nikuambie taratibu. Lakini nilipofika pale uliposema alirusha jiwe, utaratibu wote ukaniisha. Hakurusha kitu. Alikuwa amebeba fagio la shule na fulana ya michezo. Sweta niliyomshonea kwa mkono wangu ninayo hapa, haina mkono mmoja.

Nimelia, kaka, na hasira bado ninayo, lakini barua yako imenipa vitu viwili ambavyo sikuwa navyo. Cha kwanza, mbwa huyu alishang'ata mtu. Cha pili, Theodory alitoa neno mbele ya watu kwamba atamfunga. Huku anaapa kwamba Kamanda hajawahi hata kumbwekea mbuzi.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Raymond, ameitisha mkutano. Pendekezo lake ni kwamba mbwa wa kizungu wote wa mtaa wauawe na wasifugwe tena. Unajua nani amekuwa wa kwanza kuunga mkono? Theodory. Anapita dukani hadi dukani akisema mbegu ile ni mbaya, ina damu ya ukatili, hata yeye alidanganywa na waliomuuzia. Watu wanampa pole yeye. Mbwa akipigwa risasi, yeye anatoka safi, na mwezi ujao analeta Kamanda mwingine kutoka Tunduma na geti ni lile lile, wazi. Mbwa hana mkono wa kufungua komeo. Mimi namtaka mwenye geti.

Kuhusu kuku: alipokelewa, ndiyo, lakini hajachinjwa. Nimemfunga mguu chini ya meza ya cherehani, na hapo atakaa.

Usije na panga. Mlete Mzee Maganga.

Coleta


Kambini
29 Julai 2024

Coleta mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi. Maneno niliyoyaandika kuhusu mtoto wa watu yamenirudia usoni. Niliyaandika nikiwa nimeshiba, nimeegemea gunia, nacheka. Naona haya, na nakuomba usimsomee Evodia barua ile.

Panga nililichukua, sitakuficha. Nilifika nalo mpaka barabarani kusubiri gari, na gari halikuja. Nikakaa juu ya jiwe nikakumbuka ulivyosema kuhusu mahabusu. Nikarudi, nikaliacha nyumbani, nikavuka kijito kwenda kwa Mzee Maganga.

Amekataa. Alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alikula mbuzi wa Theodory, na mtu aliyekula hawezi kutapika mwaka wa pili. Akasema hata mimi nilikula, tena nilikula mgongo. Mimi ndiye niliyemwambia siku ile kwamba yamekwisha.

Theodory amepata habari sijui kwa nani. Dereva wake alipita jana akaniambia bosi anasema mwaka huu magunia ya Mwimbi yatakusanywa na mwenye adabu. Nikamwambia amsalimie bosi. Kazi hiyo basi, nimeiacha iende. Mahindi yangu nitayapeleka mwenyewe sokoni Laela.

Mtoto analala? Anakula? Nieleze yote, usinifiche tena hata kama ni baya.

Nestory


Katandala
3 Agosti 2024

Kaka,

Anakula. Kidonda kinafunga vizuri, nesi anamsifu kwa kuvumilia sindano. Kulala ndiyo taabu kidogo. Ila nitakuambia lililonikaa rohoni: hataki kupita njia ile. Anazunguka nyuma ya makaburi, anafika shule kengele imeshagongwa, anapiga magoti na wachelewaji kila siku. Mwalimu alitaka kumsamehe, akakataa kusamehewa, anasema heri magoti kuliko geti. Mtoto wa darasa la tatu, kaka. Theodory anapita hapo wanapopiga magoti na gari, anapiga honi kumsalimia.

Sasa sikiliza. Mzee Maganga anasema kweli, alikula. Lakini muulize alikula kwa neno gani. Mbuzi yule hakuliwa hivi hivi, aliliwa kwa sababu Theodory alisema mbwa atafungwa. Kama mbwa hakufungwa, nani aliyefufua maneno, Maganga au Theodory? Mwambie hivyo, na kama bado hataki, mwache, usimsumbue mzee wa watu.

Mkutano ni Jumamosi tarehe kumi, uwanja wa shule. Theodory anatangaza kwamba kwetu kumeshasuluhishwa kwa sababu kuku alipokelewa. Na zaidi, ana kibao getini kimeandikwa MBWA MKALI, anasema tahadhari alishatoa, asiyejua kusoma shauri yake.

Kuku ameanza kutaga. Yai la kwanza Evodia alitaka kulikaanga, nikamwambia hata yai hatuli. Nayaweka kwenye kikapu cha vifungo. Mteja mmoja aliingiza mkono kutafuta kifungo cha koti akatoka na yai, akaniangalia sana.

Coleta


Kambini
8 Agosti 2024

Coleta,

Barua hii anakuletea Mzee Maganga mwenyewe. Ndiye huyo mbele yako mwenye koti refu na fimbo. Mpe kiti chenye mgongo, paja lile halijanyooka vizuri hadi leo. Usimpe chai isiyo na maziwa.

Nilimwambia ulivyosema. Akawa anachora chini kwa fimbo, nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema, "Dada yako ana akili. Mimi nilikula nyama na neno. Neno limeoza, nyama nayo hainifungi tena."

Alikuwa na shida moja tu: nani atabaki na ng'ombe. Wanawe wako Laela na mzigo. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukitaka kujua kaka yako atakuwa wapi siku ya mkutano, atakuwa nyuma ya ng'ombe wa Msukuma, akipiga mluzi asioujua. Ni bora hivyo. Nikimwona Theodory, mkono utatangulia mdomo, na kazi yako yote itaharibika. Nataka sana kuwepo, na roho inaniuma, lakini wewe utasema vizuri kuliko mimi.

Mbwa wa Mzee wamenikubali. Ni wakali kweli, lakini jioni anawafunga mmoja mmoja kwa mkono wake, na asubuhi haondoki mbwa bila mtu. Ameniachia maelekezo ya mbwa marefu kuliko ya ng'ombe.

Nestory


Katandala
11 Agosti 2024

Kaka yangu,

Shikamoo, na kaa chini kwanza. Tumeshinda.

Uwanja ulijaa. Theodory alikuja na kofia mpya, akakaa mbele. Bwana Raymond akasoma pendekezo la kuua mbwa wa kizungu, Theodory akasimama kuliunga mkono kwa sauti ya kanisani. Akasema yeye ni wa kwanza kumtoa Kamanda kwa ajili ya usalama wa watoto wetu. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja nyuma yangu akasema huyo ndiye mwanaume.

Nikaomba kusema. Nilisimama na kuku kwapani na kikapu mkononi, wakaanza kucheka, na mimi nikawaacha wacheke. Nikaenda mpaka kwa Atupele, nikamwamkia, nikamwambia namshukuru kwa machozi yake maana yalikuwa ya kweli, lakini kuku wake huyu hapa, na mayai yake yote haya hapa, ayahesabu yeye mwenyewe, mimi sijala hata ute. Kicheko kikafa. Wazee wote pale walielewa maana yake. Theodory akasema hilo ni jambo la wanawake, na kwamba kibao chake kinasomeka tangu barabarani.

Hapo nikamjibu. Nikasema, "Kibao kinamwonya anayeingia. Evodia hakuingia kwako, Bwana Theodory. Mbwa ndiye aliyetoka, na mbwa hajui kusoma."

Kaka, watu waliguna uwanja mzima. Theodory akageukia tena mbegu, mbegu, damu ya mbwa, akasema kwa kuwa Kamanda hakuwahi kung'ata kiumbe, yeye angejuaje.

Ndipo Mzee Maganga akainuka. Alikuwa amekaa nyuma muda wote, amejifunika koti. Alikuja mbele taratibu kwa fimbo yake, akawaamkia watu wote, akamwamkia hata Theodory. Theodory alipomwona, mkono ulikwenda kwenye kofia akaivua bila kujua. Mzee hakupaza sauti. Alisema ameng'atwa na Kamanda msimu uliopita, na aliyemng'atisha alimlisha mbuzi na ahadi. Akasema, "Mimi nina mbwa wakali kuliko huyu. Hawajang'ata mtoto wa mtu, kwa sababu wana mwenyewe. Mkiua mbwa mkamwacha huyu bwana, mmeua bure."

Aliyesimama baada yake alikuwa Atupele, akiwa bado amempakata kuku. Akasema hawezi tena. Akasema mlinzi alikuwa akifunga geti kila asubuhi, mumewe ndiye aliyekuwa akimwamuru alifungue, kwa sababu geti likifungwa wapita njia watajuaje kwamba ana mbwa wa namna ile. Alisema hivyo tu, akakaa. Nilimwonea huruma, maana alikuwa anarudi nyumba ile ile jioni. Lakini wanawake watatu wa kwaya walihama viti wakaenda kukaa karibu naye, na waliondoka naye.

Theodory aliishika kofia magotini mpaka mwisho.

Pendekezo la kuua likaondolewa, wakaandika jingine palepale, na mikono ikanyooshwa mpaka ya watu wa nje ya uzio. Kila mbwa wa mtaa, wa kizungu au koko, atakuwa na mwenyewe anayejulikana, atachanjwa, atafungwa. Mbwa akitoka, anayeitwa ni mwenye mbwa, siyo mbwa. Wanalipeleka halmashauri nao walitazame. Theodory analipa matibabu yote ya Evodia. Anamjengea Kamanda banda na bwana mifugo atakwenda kulikagua. Akitoka mara moja tu, mbwa anachukuliwa na mwenyewe anapelekwa mahakamani. Na kibao chake kile, ameambiwa akiongeze maneno. Nitamwachia Evodia akueleze, yeye ndiye aliyekisoma.

Mzee Maganga alikataa kulala, anasema anawaza ng'ombe wake mikononi mwa Mfipa kama wewe. Nimemshonea mfuko mpya wa ndani wa koti, wa zamani ulitoboka.

Nina furaha kaka, sijui niiweke wapi. Nimeshona leo Jumapili, na Mungu atanisamehe.

Coleta


Katandala
25 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo baba. Mimi ni mzima. Mkono wangu unaandika, kama unavyoona, ila herufi ya M bado inauma kidogo nikiipinda. Nimekuchorea ng'ombe pembeni. Aliye nyuma yao ni wewe.

Jumatatu shangazi alinisindikiza shule kwa njia ya geti. Nilimshika kitenge. Geti lilikuwa limefungwa. Kibao sasa kimeandikwa hivi: MBWA MKALI. MWENYE MBWA NI THEODORY. AKITOKA NIULIZENI MIMI. Na namba yake ya simu ipo. Nilikisoma kwa sauti mpaka mwisho na mlinzi akacheka. Kamanda alibweka ndani, nikashika kitenge kwa mikono miwili, lakini kengele ilikuwa bado. Jumanne nilishika kitenge kidogo. Ijumaa nilipita peke yangu. Sijapiga magoti tena na wachelewaji.

Jana walikuja nyumbani mama Atupele na Bwana Theodory, na yule kuku. Safari hii Bwana Theodory ndiye aliyembeba, kwa mkono wake, kutoka kwao mpaka kwetu, na watu wakamwona. Hakuvaa kofia. Alisimama mlangoni, hakuniita mtoto, aliniita Evodia. Akasema, "Nisamehe. Geti nililifungua mimi." Nilimwangalia shangazi, shangazi akasema jibu ni langu siyo lake. Nikafikiri. Nikamwambia karibu ndani.

Shangazi alimchinja kuku. Nilihuzunika kidogo kwa sababu alikuwa amezoea kulala kwenye vitambaa vya sweta. Tulikula wote sahani moja na ugali. Bwana Theodory alikula kidogo, mama Atupele alikula vizuri.

Baba, firigisi ilikuwa juu ya nyama. Bwana Theodory alikuwa mwanaume peke yake pale, na mgeni, kwa hiyo alianza kunyoosha mkono. Shangazi akageuza sahani. Firigisi ikasimama mbele yangu, na wote wakasubiri.

Nimeila yote.

Mwanao,
Evodia